Mashini Iliyokataa Shifre

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua lango, na Shefu wa Foni alipokuja alinikuta nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Weye njo ile mufanyakazi mupya?" Nikasema ndiyo, muzee. "Basi ukae chini. Foni haiendeshwe na mutu wa kusimama-simama." Nikakaa. Baada ya kitambo nikawa nimesimama tena bila kujua. Nimezaliwa hivyo, na kazi yote ninayotaka kuwaeleza ninyi vijana niliifanya nusu nimekaa, nusu nimesimama.

Ilikuwa hapa Bunia, miaka ile ambayo bunduki zilikuwa zimenyamaza lakini hazijaondoka. Mchana soko lilijaa, pikipiki zilipita, watu walicheka. Lakini kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari nyuma ya mlango: nguo, sufuria ndogo, karatasi za shule za watoto. Wa kwangu ulikaa hivyo nyumbani, mtaa wa Rwambuzi, mpaka nguo zilizokuwamo zikawa hazinienei tena. Tairi ya lori ikipasuka barabarani, mtaa mzima unageuza shingo, kisha kila mtu anajifanya hakusikia kitu.

Kazi ya biro yetu ilikuwa kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Jina la biro sitalitaja, sipendi maneno. Tulikuwa na ajenti katika kila kituo, Mahagi, Kasenyi na kwingine. Ajenti akimpata mtoto asiye na mtu wake, anamuuliza jina, jina la baba, la mama, na kijiji, kisha anatutumia habari kwa foni. Ninyi mliozaliwa na simu mkononi hamuijui foni. Ni redio ya kuongea mbali: sanduku la chuma, betri ya gari, waya mrefu uliofungwa juu ya miti miwili, na mikro yenye kidude cha kubonyeza. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Huwezi kusema na kusikia pamoja, na kwangu mimi hilo lilikuwa somo gumu kuliko yote.

"Vero," Shefu wa Foni alikuwa ananiambia, "sema pole pole. Mutu wa ule upande anaandika na kalamu ya risasi, na kichwa yake iko na joto kama ya kwako. Jina unalisema. Kisha unalirudia." Alikuwa mzee mkali, suruali imepigwa pasi hata siku ambayo watu wanakimbia. Nilimwogopa na nilimpenda.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo msipolielewa hamtaelewa mengine. Kwetu babu anarudi kwa wajukuu. Mwanamume akiwa na wake wawili, kila mmoja anaweza kumpa mwanawe wa kwanza jina la babu, na hakuna anayeona ajabu. Nyumbani wanawatofautisha kwa kuhesabu kwa Kifaransa: huyu Un, wa kwanza, huyu Deux, wa pili. Shefu wa Foni mwenyewe kwao aliitwa Petro Trois, mvi zote zile kichwani, na dada zake wakija kumtembelea kazini walimwita "Trois!" kutoka langoni, naye alijifanya kukasirika. Ajenti wetu waliandika kama walivyosikia: 1, 2, 3, karibu na jina. Tuliyasoma kwa foni hivyo hivyo, un, deux, na hakuna mtoto aliyechanganywa na mwenzake.

Kisha zikaja odinatere, yaani kompyuta. Shefu wa Foni alisema macho yake yamechoka, akaomba kustaafu, akaniachia mikro na kiti chake, kiti chenyewe cha mbao kigumu kama adhabu. Kila kituo kikapewa odinatere ndogo na sahani ya setilaiti juu ya paa, na yote waliyoandika yalifika moja kwa moja kwenye mashini kubwa ya Bunia, bila kupita kinywani mwa mtu. Foni ikabaki kwa mambo ya usalama tu: barabara iko wazi, barabara imefungwa, gari lisitoke.

Aliyetuletea mashini tulimwita Ingenieri. Alitoka Kinshasa, kijana wa viatu vinavyong'aa, na neno lake la kila saa lilikuwa "Noki! Noki!", yaani haraka. Kordinateri, mkubwa wetu wa biro, alimwambia, "Huyu Mama Vero anajua kazi ya majina. Umufundishe." Hivyo nikaingia katika kazi ya programu nikiwa mtu mzima, nina watoto, nina miwani. Nashukuru mpaka leo. Ingenieri alikuwa na haraka lakini hakuwa na roho ya choyo.

Ngoja niwaeleze kitu alichonifundisha kwanza, maana ndicho kilicholeta yote. Kwenye sanduku la jina ajenti walikuwa wanaandika kila kitu: "Furaha ana miaka 7", "Bahati" pamoja na namba ya simu ya jirani. Kordinateri akachoka. Akataka mashini ikague: je, ndani ya maandishi haya kuna shifre, yaani tarakimu, hata moja?

Mashini haisomi jina kama sisi. Kwake jina ni shanga kwenye uzi, herufi moja, herufi moja, na nafasi tupu nayo ni shanga. Unaiambia: shika shanga ya kwanza, uliza kama ni kati ya 0 na 9. Hapana? Nenda ya pili. Ukikuta moja tu, simama hapo hapo, jibu ni ndiyo, hakuna haja ya kumaliza uzi. Ukifika mwisho bila kukuta, jibu ni hapana. Na inajuaje kwamba hii ni shifre? Kwa sababu ndani ya mashini kila alama ina namba yake ya siri, na shifre zote kumi zimekaa benchi moja, zimefuatana, kuanzia arobaini na nane hadi hamsini na saba. Unauliza tu kama huyu ameketi kwenye benchi lile.

Mwanafunzi wa leo hana haja ya kuhangaika na benchi, lugha nyingi zina swali la tayari. Lakini muwe macho. Kuna swali linalouliza "je, yote ni shifre?" na kuna swali linalouliza "je, kuna shifre yoyote?" Si ndugu hawa. Ingenieri aliweka la kwanza akitaka la pili, kwa haraka yake, na "Bahati7" ikapita ikitabasamu, maana si yote yalikuwa shifre. Alijigundua mwenyewe, akajipiga paji la uso, akasema maneno ya Kilingala ambayo sitayaandika hapa. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Siku alipomaliza, ukiandika shifre kwenye jina, mashini inalia na mstari mwekundu unatokea: JINA HALIWEZI KUWA NA SHIFRE. Na akaongeza ukaguzi wa pili: akitokea mtoto mwenye jina sawa, baba sawa, mama sawa, kijiji sawa na mwingine, mashini inajibu HUYU AMESHAANDIKWA, inamfungia mlango. Kordinateri alisimama nyuma yetu, mikono mgongoni, amefurahi.

Mimi nikamgeukia. "Shefu, na bale ba Deux?"

"Ba Deux gani?"

"Batoto ba jina moja. Nyumbani banahesabiwa."

Alinijibu kwa upole. Alikuwa mtu wa Butembo, mtaratibu, hapandishi sauti. "Mama Vero, jina ni lile la ubatizo. Ile ya kuhesabu ni ya jikoni. Makao makuu banataka kazi safi."

Wengine walijaribu kuandika "Deux" kwa herufi ili mashini isiione. Kordinateri akatuma amri kwa vituo vyote: jina la ubatizo, basi. Nilitii, lakini si kwa moyo mweupe. Mguu wangu ulitikisika chini ya meza siku nzima.

Sasa niwaletee Mama Anyesi. Alikuwa jirani yangu Rwambuzi, anapika mandazi mbele ya kanisa, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mumewe alikufa barabarani wakati wa kukimbia, na katika vurugu ile wanawe wawili walimponyoka, kila mmoja na kundi la watu wengine. Zakaria Un na Zakaria Deux, wote wawili wa umri mmoja, jina la baba wa mumewe. Un alizaliwa na yeye mwenyewe. Deux alizaliwa na mke mwenzake, aliyeugua na kufa mtoto akiwa bado hajatembea. Hapa Bunia mambo hayo aliniambia mimi tu, siku moja tukichambua sombe, yale majani ya muhogo. Kwa watu wengine wote alisema "batoto yangu babili", na kwenye biro alijitaja yeye mama wa wote wawili. Angesema nini kingine? Kwetu mama wa heshima hamtengi mtoto aliyeachiwa mikononi.

Alikuwa amewashonea mashati mawili ya kitambaa kimoja, ya bluu. Kila mwaka aliyafumua na kuyaongeza kwa kukisia urefu. Nilimwona akikisia kwa kumsimamisha mtoto wa jirani, moyo wangu ukauma, nikaenda zangu.

Halafu siku moja gari letu likaleta mtoto kutoka Mahagi. Zakaria. Mama Anyesi aliitwa, akaja na unga bado mikononi. Alimshika yule mtoto, akamnusa kichwani, akalia kwa sauti mpaka watu wa nje wakaingia uani. Biro nzima tulilia. Kisha akafuta uso, akazunguka nyuma ya gari, akachungulia ndani. Akarudi.

"Ingine iko wapi?"

Kordinateri akasema, "Mama, odinatere inaonyesha mutoto moja. Zakaria. Tumemupata. Dosie imefungwa, tumushukuru Mungu."

"Nilikuja hapa nikasema babili."

"Mama, pengine ile siku ulikuwa umechoka..."

"Odinatere njo ilizaa?" Mama Anyesi alimsogelea. "Nakuuliza, Shefu. Odinatere njo ilisikia uchungu? Nilikuachia majina mbili. Umenirudishia moja. Asanti kwa hii moja, Mungu akubariki. Ingine iko wapi?"

Mtoto alikuwa ameshika kitenge cha mama yake, anatuangalia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, Deux haiko nyumbani?" Maskini, njia yote kutoka Mahagi alifikiri nduguye ametangulia.

Mimi sikuweza kukaa. Nilijua, na nilijua kabisa, kilichotokea. Upande wa mama, mashini ilikuwa imekataa shifre, waliompokea wakaandika Zakaria, na yule wa pili akaonekana amerudiwa. Na kama Deux yuko hai na ajenti fulani alimkuta, jambo lile lile limetokea: jina sawa, baba sawa, mama sawa, kijiji sawa. HUYU AMESHAANDIKWA. Mashini haikuhifadhi waliokataliwa. Ilikataa na kusahau. Kitu kingebaki kichwani mwa ajenti tu, ikiwa anakumbuka.

Nikamfuata Kordinateri bironi kwake. "Shefu, nipe foni. Niulize vituo."

"Foni imefungwa kwa usalama, unajua vizuri." Na kweli, wiki ile milio ya bunduki ilikuwa imesikika kwenye vilima upande wa barabara ya Kasenyi, watu walikuwa wameanza kushika mifuko yao. "Nikikuachia, halafu gari ishambuliwe na hakuna aliyesikia, nitajibu nini?"

"Na huyu mama utamujibu nini?"

"Mama Vero. Mradi unafungwa kabla ya kiangazi. Mashini zitabebwa. Tuko na dosie mingi ya kumaliza."

Ndiyo kusema, ikifika kiangazi hakutakuwa na foni, wala ajenti, wala gari la kumleta mtu. Nilitoka nje, nikazunguka jengo. Nikazunguka tena. Mama Anyesi alikuwa amekaa kwenye ngazi na Un mapajani, mtoto mkubwa yule, miguu inafika chini. Hakuwa analia tena. Aliniambia tu, "Vero, nilimuahidi yule mwenzangu wakati anakufa. Nikienda kwa Mungu ataniuliza."

Nikamshika mkono. "Simama, twende."

Nikaingia naye katika chumba cha foni, nikakaa kwenye kiti cha Shefu wa Foni, nikafungua. Nilijua naweza kufukuzwa, na nilikuwa na watoto wanne shuleni. "Vituo vyote, vituo vyote, hapa Bunia. Nani alikataliwa mutoto kwa jina la Zakaria? Zakaria. Narudia, Zakaria." Nikataja baba na kijiji. Nikaachia kidude.

Mlio tu wa upepo. Mahagi wakajibu wao wanajua yule aliyekwisha kuja. Kituo kingine kikasema hapana. Kisha Kordinateri akatokea mlangoni. Aliniona, akafungua kinywa, na wakati ule ule sanduku likasema kwa sauti ya kukwaruza: "Bunia, Bunia, hapa Kasenyi."

Alikuwa Tito, ajenti wa Kasenyi, kijana wa maneno machache. "Iko mutoto moja hapa wa ile jina. Nilimuandika, mashini ikasema ameshaandikwa. Anaishi na wavuvi, anaanika samaki."

Nikabonyeza. "Umuulize nyumbani walikuwa banamuita namna gani."

"Bunia, iko hapa karibu na mimi, alinisindikiza kuleta betri." Kisha: "Anasema yeye ni Deux."

Mama Anyesi alipiga magoti pale pale. Kordinateri hakusogea mlangoni. Nikabonyeza: "Kasenyi, umuambie mama yake iko hapa. Anamutafuta."

Tulingoja. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Sauti ya Tito iliporudi ilikuwa imebadilika. "Bunia... anasema hapana haja. Ile siku mashini ilikataa, nilimuelezea kwamba mutoto wa ile mama ameshaandikwa. Akanijibu kama amepata mutoto wake ni vizuri, yeye ni wa ule mwingine aliyekufa. Kesho anapanda mutumbwi na wavuvi, banavuka kwenda upande wa Uganda."

Sitasahau. Mtoto wa umri ule, amekaa na jibu la mashini moyoni mwake, na amelikubali. Ameona ni haki.

Mama Anyesi alinyanyuka kutoka chini akanipokonya mikro. Hakujua kubonyeza, akaanza kupiga kelele kwenye chuma kisichosikia, na mimi nikaweka kidole changu juu ya chake, nikabonyeza.

"Deux! Weye Deux! Nani alikuambia uko wa mutu mwingine? Nilikubeba na mugongo wangu mpaka ukaota meno, ulining'ata hapa, alama iko! Un iko hapa analia. Shati yako iko nyumbani. Ukipanda ile mutumbwi, nitakuja ku Kasenyi na miguu, nitaingia mu maji na nguo zangu, na siye bote tutazama. Unanisikia? Mimi ni mama yako. Rudi nyumbani!"

Hakuachia. Ilibidi nimwondoe kidole kimoja kimoja. Kisha tukasikia pumzi, si sauti ya Tito, pumzi ndogo karibu sana na mikro, na baadaye neno moja. "Mama."

Kordinateri aliingia. Nilijua sasa nafukuzwa. Akanyoosha mkono, akachukua mikro, akasema kwa sauti yake ile ya utaratibu, "Kasenyi, hapa Kordinateri. Ile mutoto asipande mutumbwi. Akae nyumbani kwako mpaka barabara ifunguliwe. Ni amri." Akaachia. Akabaki amesimama, anaangalia ukuta. "Mama Vero, hii mambo ya shifre, unaweza kuibadilisha weye mwenyewe?"

"Ninaweza, Shefu."

"Basi, kaa chini uandike."

Nilikaa mchana ule wote, na mnaonijua hamtaamini. Ukaguzi wenyewe sikuugusa. Swali la Ingenieri lilikuwa zuri: kuna shifre au hakuna? Kibaya kilikuwa kile kilichofuata baada ya ndiyo. Nikaondoa mstari mwekundu. Mahali pake nikaandika: "Kuna shifre katika jina. Muulize mtu: shifre hii ni ya nini?" Ajenti anachagua. Umri? Mashini inaipeleka kwenye sanduku la umri. Simu? Kwenye la simu. Ya nyumbani? Basi inakaa na jina, na ule ukaguzi wa pili unaihesabu, Zakaria 1 si Zakaria 2. Ni mistari michache. Kijana yeyote kati yenu angeiandika akinywa chai.

Barabara ilichelewa kufunguliwa. Kila asubuhi Mama Anyesi alikuja langoni, hakuuliza, anatuangalia machoni tu, halafu anaenda kupika mandazi yake. Milio ilisogea, ikarudi nyuma. Hatimaye lori la samaki lilipanda mlima kutoka ziwani na Deux juu ya magunia, Tito pembeni yake. Alishuka, mrefu kuliko Un kwa kichwa kizima. Shati la bluu lilimfika kitovuni. Alilivaa hivyo hivyo, akatembea nalo kutoka bironi mpaka Rwambuzi, na Un nyuma yake anamcheka, na mama yao anampiga Un kichwani ili asicheke, na yeye mwenyewe anacheka.

Baada ya kubadilisha, wengine walipatikana vilevile, sitawahesabu. Kiangazi kilipofika mradi ulifungwa kweli. Nilipelekwa Mahagi na biro nyingine, chini ya Shefu wa Kituo aliyependa mikutano, kisha Kasenyi, chini ya mama mmoja Msimamizi aliyekuwa ananiambia, "Vero, unatutia kizunguzungu, kaa." Kote nilikwenda na lile swali langu, na kote kijana fulani aliniuliza kwa nini nisikatae tu shifre, ni rahisi zaidi. Nilimjibu kulingana na hali ya hewa ya siku ile.

Sasa nimestaafu. Watoto wangu wananiambia nipumzike. Nipumzike vipi? Nafagia palipofagiwa. Ule mfuko wa nyuma ya mlango bado upo, nabadilisha nguo zake mara kwa mara, na wanangu wananicheka, lakini hawautoi.

Mama Anyesi amefariki majuzi, kitandani mwake, wanawe wote wawili wamemshika mikono. Matanga yalikuwa pale pale Rwambuzi. Un alipeleka tangazo redioni, na sisi waombolezaji tukakaa tukisikiliza, kama desturi. Mtangazaji akasoma jina la marehemu, kanisa lake, saa ya mazishi. Kisha akasema: "Ameacha mtoto mmoja, Zakaria."

Nikamtazama Deux. Ni mwanamume wa ndevu sasa, ana biashara yake ya samaki, ana wake na watoto. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akatabasamu kidogo, akasema, "Tena," kwa sauti ya chini sana, na nikaona uso ule ambao sikuwahi kuuona, wa yule mtoto wa Kasenyi aliyesema hapana haja.

Sikumbuki kutafuta viatu. Nilikwenda na kandambili mbili zisizofanana mpaka kwenye redio, nikapita mlinzi, nikamkuta mtangazaji, kijana mwenye adabu, akaruka kunipa kiti. "Mama, nilifikiri ni kosa. Jina lilikuwa limerudiwa, na shifre karibu yake. Nikasafisha."

"Usifikiri, mwanangu," nikamwambia. "Uliza."

Aliomba msamaha, akavaa vile visikizi vya masikioni, akawasha mikro. Nami nikakaa kwenye kile kiti, nimetulia kabisa, mikono mapajani. Akasoma upya, pole pole: "Ameacha watoto wawili, Zakaria Un na Zakaria Deux." Akageuka kuniangalia. "Njo vile, mama?"

"Njo vile," nikasema. "Sasa urudie. Kuna mutu ule upande anasikiliza."